Baba Akinyi Wawili

Mnaniuliza mimi Wafula kwa nini kanisani nakaa nyuma karibu na mlango, na kwa kuwa mmeanza kucheka kabla sijajibu, naona nusu mnaijua, basi chukueni na nusu nyingine, aibu yangu haina tena pa kujificha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nikifanya kazi ya kompyuta katika ofisi ndogo Kawangware, na nilikuwa nampenda Akinyi wa mtaa wa Mashimoni mpaka kulala nimesahau. Babake alikuwa ameahidi kwamba Jumapili hiyo, baada ya ibada, angenipa siku ya kuwaleta wazee wangu kutoka Magharibi.

Sasa, kanisa letu pale Kisumu Ndogo lilikuwa na email moja ya watu wote. Katibu wetu, Sista Roselida, alichapisha kila kilichoingia na kukisoma wakati wa matangazo, kila mtu asikie chake. Kwa hivyo kwenye kompyuta yangu, anwani ikiwa hiyo moja, niliwaandika watu vile ninavyowatambua, na kwa kuwa Mashimoni kulikuwa na Baba Akinyi wawili, mmoja nikamwandika Baba Akinyi Mpole, na yule wangu, ambaye sijawahi kumwona akiitikia salamu bila kukunja uso, nikamwandika Baba Akinyi Kisirani. (Hiyo ilikuwa siri yangu na mashine.)

Ijumaa nikaweka programu mpya ya kuchati, ile ya kuandikiana na mtu papo hapo, ikaniuliza kama iungane na email na yale majina niliyoandika, nikabonyeza ndiyo, ikauliza kama iwaalike wote, nikabonyeza ndiyo tena, maana mama alinifundisha nisibague watu.

Jumapili Sista Roselida akavaa miwani.

"Kuna ujumbe wa Baba Akinyi Mpole," akasoma, akitafsiri kutoka Kizungu. "Wafula anataka kupiga stori na wewe sasa hivi."

Mzee mmoja mbele akainua mkono akitabasamu, watu wakapiga makofi. Mimi nikaanza kuutafuta mlango kwa macho.

"Na huu mwingine," akaendelea, "ni wa Baba Akinyi Kisirani."

(Yule mama husoma kilichoandikwa. Hapunguzi.)

Babake Akinyi akasimama polepole, akafunga kifungo cha koti.

"Wafula," akasema, "Mpole amejipata. Huyu mwingine ni nani?"

Hapo Akinyi, akidhani ananiokoa, akaita kutoka kwaya: "Baba, si ukae tu chini!"

Ndivyo kanisa zima lilivyojua.

Jioni nikaenda kuomba msamaha, nimebeba sukari na majani chai, moyo umeniuma kabisa, maana niliona Akinyi ameniponyoka. Nikabisha.

"Nani?"

"Ni Wafula, Mzee."

"Unataka Baba Akinyi yupi?"

Nikafikiri haraka, na hapo ndipo nilipojimaliza.

"Mpole," nikasema.

"Huyo anakaa pale kwa bomba la maji," akajibu bila kufungua. "Enda ukaoe kwake."

Sukari niliiacha mlangoni. Siku ya wazee nilikuja kuipata mwaka uliofuata, nikaoa, na tangu hapo kila mtu namwandika kwa jina la kitambulisho, hata mke wangu, na sitarudia ule ujinga. Lakini mpaka leo nikibisha kwa wakwe, naulizwa kwanza nimekuja kwa yupi.