Lidwina na Gari Lililoungua

Lidwina Komba ni fundi wa kushona viti vya magari, Majengo, hapa Songea. Mumewe Urban alikuwa dereva wa malori ya mahindi tangu ujana wake, na anasa yake ilikuwa moja tu: gari la mbio la milango miwili, la miaka ya sabini, aliloachiwa na mhandisi mmoja wa barabara aliyerudi kwao. Lilikuwa limelala chini, refu mbele, na mtaa mzima ukaliita Kenge. Lidwina hakulipenda. Alisema gari lisiloweza kubeba hata gunia moja ni mgeni asiyeaga.

Jumapili moja Urban alikwenda nalo Peramiho kwenye ubatizo. Wakati wa kurudi, karibu na Maposeni, mpira wa petroli uliokwisha kukakamaa ulipasuka, mafuta yakamwagikia injini. Urban aliona moshi, akasimama, akashuka. Angekaa kando angesalimika. Lakini alifungua boneti, na moto uliokuwa umebanwa mle ndani ukapata hewa, ukamrukia usoni. Hata hapo hakukimbia, akawa anang'ang'ana kung'oa waya wa betri kwa mikono mitupu. Watu waliokuwa wakivuna mahindi ndio waliomburuta pembeni, wakaufukia moto kwa udongo hadi ukafa.

Alitoka hospitali akiwa na jicho moja, vidole vimejikunja na kugandamana na viganja. Lidwina akawa anamlisha, anamwogesha, anamfunga vifungo vya shati. Urban hakusema neno. Waliokuja kumpa pole aliwatazama tu mpaka wakaaga wenyewe.

Kisha akaja mnunuzi wa vyuma chakavu kuuliza habari za gari. Urban akainua uso.

"Asiliguse mtu."

Lidwina alitoka uani akalia. Alilichukia gari lile kama mtu anavyomchukia mwuaji. Lakini hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya mumewe tangu arudi nyumbani.

Akamwendea Bashiru, fundi wa injini, mwenyeji wa Namasakata, rafiki wa Urban wa siku nyingi.

"Shemeji, lile limekwisha," Bashiru akamwambia.

"Limekwisha, au limeungua?"

Bashiru alifuta mikono kwenye tambara. Kesho yake akatafuta lori wakaenda kulivuta kutoka kule Maposeni.

Taa na matairi mawili vilikuwa vimeshaibwa. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge, kabureta imeyeyuka. Na ule udongo uliozima moto ulikuwa umeingia mpaka kwenye silinda.

"Tukiliwasha hivi, injini itajisaga yenyewe," alisema Bashiru. "Lazima tuifungue yote."

Wakaifungua. Lidwina aliosha kila chuma kwa dizeli ndani ya beseni, mikono ikamchubuka. Wateja wake wa viti wakaanza kwenda kwa mafundi wengine. Yeye ndiye aliyepitisha nyaya mpya, kwa kuwa vidole vyake vilizoea sindano na sehemu finyu. Urban alikaa kwenye benchi, amelipa gari mgongo. Wakimwuliza waya huu unakwenda wapi, anajibu bila kugeuka. Masika yakaja, yakapita.

Siku ya kuliwasha, Bashiru alizungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikashika. Majirani wakapiga makofi. Urban aliinuka, akaja taratibu, na Lidwina akamfungulia mlango. Akakaa kwenye kiti kipya alichoshonewa na mkewe. Akajaribu kushika usukani, vidole vikagoma. Akausukuma kwa vifundo vya mikono, ukamteleza. Harufu ya petroli ilikuwa imejaa mle ndani. Akaikodolea macho boneti, akajisukuma nyuma kwenye kiti.

"Zima."

"Baba Agape, pole pole tu, utazo…" Lidwina akamsihi.

"Zima, Mama Agape!"

Bashiru akazima. Makofi yalikuwa yamekwisha zamani.

"Lenyewe limepona," Urban akasema. Akashuka, akaingia ndani, akalala ameelekea ukutani.

Asubuhi Lidwina alimpelekea uji, akamwuliza kwa sauti ndogo kama sasa waliuze.

"Niliungua kwa ajili yake," Urban akajibu. "Likiondoka, nimeungua bure."

Basi halikuuzwa. Liko uani mpaka leo, chini ya turubai, na Urban akienda chooni huzunguka nyuma ya nyumba ili asipite karibu nalo. Bashiru alionya kwamba injini isiyowashwa hugoma. Kwa hiyo Urban akishaondoka kwenda misa ya kwanza, Lidwina hufunua turubai, akakaa nyuma ya usukani na kuliwasha. Huisikiliza injini ikiunguruma vizuri, bila kasoro yoyote. Kisha hulizima, hulifunika, na kungoja harufu ya petroli itoweke kabla mumewe hajarudi.