Besi ya Mwanamke

"Besi ni ya wanaume," alisema kiongozi wa waimbaji wa besi, mkulima wa Kansay mwenye kifua kama pipa. Wenzake watano wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja wao alikuwa mume wangu.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, pale Karatu. Walikuwa wamenisikia nikijifunza gitaa la usharika. Vidole vilipiga kodi (si ile ya serikali, hizi ni sauti tatu nne zinazolia pamoja) huku dole gumba likiteremka peke yake kwenye nyuzi nene: do, ti, la, so, fa. Ngazi ileile waliyoimba wao. Wakaona nimewaingilia shambani, wakagoma.

Jumapili ya Pasaka walikaa kwenye mabenchi ya waumini, mikono wameikunja, makoti yamelowa ukungu. Mchungaji alikuwa ameshanionya: wimbo ukifia njiani, gitaa linafungiwa kabatini, na silishiki tena. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimwambia sawa. Mume wangu nilikuwa nimemwandalia chai asubuhi bila kumsemesha.

Baridi yote ile, na viganja vinatoka jasho! Gitaa lile nililipenda, nasema wazi, kuliko vitu vingi vya nyumbani kwangu. Kina mama wa kwaya wakaanza kuimba kwa woga. Dole likashuka nao. Adui yangu alikuwa fa: inataka kidole cha shahada kiubane uzi mnene kwelikweli, la sivyo unasikia mkwaruzo tu. Ubeti wa kwanza nikaipata. Wa pili nikaipata. Wa tatu kidole kikateleza.

Pakawa na shimo. Waimbaji wakasita, mmoja akafunga mdomo kabisa. Nikajua gitaa limekwenda.

Ndipo fa ikatoka kwenye mabenchi, nzito, mahali pake hasa. Kina mama wakaidaka, nami nikashika kodi iliyofuata, tukaenda hadi amina. Wagomaji watano walikuwa wamegeuka kumtazama wa sita. Mume wangu alikuwa anatazama dari.

Nje wakamzunguka. "Umetuuza, bwana!"

"Sijaimba mimi," akasema. "Nilikohoa."

"Ni kweli, shemeji zangu," nikawaambia, gitaa likiwa begani. "Alikohoa. Ila alikohoa fa."