Watu Wasio na Miguu

Mnisamehe kwa mwandiko huu na herufi zilizokosewa. Nilimaliza shule ya msingi tu, na ukurasa huu umenichukua siku nne.

Nilikuwa nachora na watoto waliokimbia vita ng'ambo ya mto, katika ukumbi wa parokia hapa Kisangani. Mimi naona haya kusema mbele ya watu, ndiyo maana tulielewana: tulikaa mkekani tukachora, bila kuulizana kitu. Msichana mmoja hakuwa amesema neno tangu afike. Alichora kila siku, ameegemea goti langu.

Kisha akatoka Kinshasa papa mmoja, ndivyo tunavyomwita bwana mzima hapa, mwenye beji shingoni, kusajili matabibu wa michoro, yaani wanaoponya watu kwa kuwachorisha. Beji yake aliipata kwenye semina ya siku tano hotelini. Alinieleza mwenyewe, pamoja na utamu wa kuku wa huko.

"Bon, wewe uko na diplome gani?"

"Certificat ya primaire, papa, ya masomo ya musingi."

"Ya primaire! Alors, unaponyeshaka watu na nini? Na table ya mara mbili, mbili mara mbili ine?"

Katibu wake alicheka. Mimi nikatazama vidole vyangu.

Papa akainua mchoro wa yule msichana: watu saba, wote kuanzia kiunoni kwenda juu. Akavua miwani polepole.

"Unaona? Hawana miguu. Mutoto huyu amepoteza njia ya maisha."

Katibu akaandika. Chini ya wale watu palikuwa na mstari mrefu uliopinda ncha zote mbili. Hapa kwetu hata mbuzi angeutambua.

"Iko mutumbwi," akasema msichana. "Wamekaa ndani. Papa, wewe hujapandaka mutumbwi?"

Ripoti ya papa ilisema mtoto alianza kusema baada ya dakika kumi naye, tabibu aliyesajiliwa. Mimi niliwekwa kwenye karatasi nyingine, ya mlangoni: asiyesajiliwa haruhusiwi kukaa na watoto.

Msichana amenyamaza tena. Nakaa nje, naye ananipitishia michoro chini ya mlango. Wa jana ni mtu aliyekaa peke yake kizingitini. Huyo amemchora na miguu, mirefu kabisa.

Kama mnajua mahali wanaposajili mtu mwenye cheti cha shule ya msingi, niandikieni. Herufi ziwe kubwa, kwa sababu nasoma polepole kama ninavyoandika.