Mnada wa Trekta la Baba Mkwe

Nilipoolewa Busale, jambo la kwanza nililofundishwa na mama mkwe halikuwa kupika wala kupalilia mpunga. Lilikuwa kukwepa. Baba mkwe akitokea njiani, mkwe wa kike anaiacha njia, anaingia migombani, anajifunika kitenge kichwani na kumpa mgongo mpaka apite. Haongei naye, hamtazami usoni, hakai naye chini ya paa moja. Wasichana wengi wa siku hizi wameshaacha, wanamsalimia mkwe kama wanavyomsalimia mwenyekiti wa kijiji. Kwa familia ya mume wangu mwiko ulikuwa bado una nguvu, ingawa kwangu mimi mzee mwenyewe aliulegeza. Alimtuma mkewe aniambie kwamba mimi ni mgeni, mwalimu niliyeletwa na serikali kutoka Morogoro, nisisumbuliwe. Nikimsalimia uso kwa uso ataitikia.

Nilikataa. Nilitaka wanawake wa kijiji waseme kwamba mgeni huyu ana adabu kuliko binti zao, na kweli walisema, nami nikavimba kichwa. Nilimkwepa yule mzee kwa bidii kuliko mtu yeyote pale kijijini. Akikohoa upande wa pili wa uzio, mimi nilikuwa nimeshageuka. Kwa miaka kumi na moja nilimjua kwa vipande: kikohozi chake, kofia yake ikipita juu ya mibuni, na gambuti zake za kijani zenye kiraka cha tyubu kwenye kidole gumba cha kulia. Kama angepita sokoni amevaa viatu vingine nisingemtambua.

Mambo yake mengine niliyapata kwa mama mkwe, ambaye hana siri tumboni. Mzee alikuwa dereva wa trekta la chama cha wakulima wa mpunga, enzi za chama hicho. Mashamba ya Makwale, ya Busale, mpaka kule chini ziwa linakoonekana, ameyalima yeye. Trekta ndilo lililomwondolea masikio. Alikuwa hasikii mpaka usimame mbele yake, akutazame mdomo, useme polepole. Chama kilipokufa, matrekta na magari yaliachwa kwenye yadi ya ghala kule Makwale, majani yakaota mpaka kwenye usukani. Lakini kila Jumamosi mzee alikuwa anakwenda kwa miguu na kopo la oili chafu. Anafuta kutu, kisha anachomeka hendeli mbele ya injini na kuizungusha mara kumi, isije ikaganda. Kuliwasha haliwaki, betri iliibwa zamani. Anazungusha tu, anarudi nyumbani kula.

Basi mwaka juzi, kabla mvua kubwa hazijaanza, gari la matangazo lilipita likisema mali zote za yadi zinapigwa mnada. Mume wangu yuko kazini Tunduma. Nilipompigia, alisema, "Tumnunulie mzee lile trekta. Usimwambie mtu, hasa mama." Alituma pesa tulizoweka kwa ajili ya bati za nyumba yetu. Sikubisha. Nilijua wanunuzi wa chuma chakavu watakuja, na mume wangu alijua zaidi yangu kwamba baba yake hatavumilia kuliona trekta lile likikatwa vipande.

Nilikwenda na shoga yangu, ambaye huuza vitenge anavyovifuata kwa wajomba zake ng'ambo ya Songwe, upande wa Malawi. Huyo kwenye kupatana bei hana mpinzani. Yadi ilikuwa imefyekwa. Malori mawili yalikaa juu ya matofali, hayana tairi hata moja. Kigari cha kijani kilichokuwa cha meneja kilikuwa na kuku anayeatamia kwenye kiti cha nyuma, na hakuna aliyemsumbua. Matrekta yalikuwa matatu, mawili yameoza kabisa. La tatu, jekundu, lilikuwa linang'aa kwa oili kama limetoka kuoshwa jana. Hata asiyejua chochote angeona kwamba lile lina mwenyewe.

Watu wa chuma walikuja na lori lao na mitungi ya gesi ya kukatia. Walipolipata trekta la kwanza hawakusubiri hata mnada uishe. Waliwasha moto palepale wakaanza kulikata boneti, cheche zinaruka, watu wanarudi nyuma. Nilijiambia kwamba lile jekundu hawalipati hata wakifanyaje.

Hapo shoga yangu akanifinya. "Mkwe wako huyo, getini."

Mimi nilishaona gambuti. Miguu yangu haikuniuliza. Nilizunguka nyuma ya lori bovu, nikajifunika kitenge, nikageukia ukuta. Nilidhani amekuja kuliaga trekta lake, na nilifurahi kwa siri, kwamba atakwenda nyumbani na huzuni ya siku chache, halafu tutamtoa machozi ya furaha. Nilimwambia shoga yangu, "Nenda mbele ukaninyanyulie mkono. Usiushushe mpaka tulipate."

Dalali alikuwa mcheshi. "Trekta hili," alisema kwenye kipaza sauti, "limelima kuliko nyinyi wote mliosimama hapa! Nani ananipa bei ya heshima?" Watu wakacheka. Bei ikaanza. Mimi nilikuwa nasikia tu, uso kwenye ukuta uliojaa utando wa buibui. Watu wa chuma walipanda mara tatu nne, wakaacha. Akabaki mtu mmoja anayepandishana na sisi. Kila dalali akitaja bei ya shoga yangu, mwingine yule anaongeza. Shoga yangu alikuja mbio nyuma ya lori.

"Kuna mwanamume mmoja king'ang'anizi, kashika spana. Anasimama na wale wa chuma."

"Mwache afe na chuma chake," nikasema. "Ongeza."

Ni maneno yangu mwenyewe hayo, sikutiwa mdomoni na mtu. Aliongeza. Yule naye akaongeza, mara ya mwisho kwa kusitasita, nikasikia dalali anamtania kwamba mkono wake umeanza kuwa mzito. Shoga yangu akaongeza tena. Dalali akahesabu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, akagonga meza. Watu wakapiga makofi, nami nyuma ya lori nikaruka peke yangu kwa furaha.

Chini ya lori, kati ya matofali, niliona gambuti za kijani zikipita kuelekea getini. Zilikwenda polepole. Zilisimama mara moja, zikageukia kule trekta lilikokuwa, kisha zikaendelea. Nilisubiri zifike mbali, ndipo nikatoka kwenda kulipia.

Siku ya tatu mama mkwe alikuja nyumbani kwangu karibu na shule. Nilimwamkia, hakuitikia vizuri. Alikaa kwenye mkeka, akavua kilemba, akakishika mikononi.

"Mwalimu, baba yenu hali chakula. Ameuza ng'ombe wake wawili, hakuniambia hata mimi. Alimpa pesa rafiki yake, yule fundi wa zamani wa chama, amnyanyulie mkono mnadani, maana yeye hasikii bei. Watu wa chuma wakamshinda. Sasa amelala anatazama ukuta, anasema wameshalikata."

Nikamuuliza mama mkwe huyo fundi ni mtu wa namna gani. Akasema ni mrefu, popote aendako hatembei bila spana yake.

Nilisimama, nikaenda jikoni, nikasonga ugali usiokuwa na mtu wa kuula. Mimi na mzee tulikuwa kwenye yadi moja, tunataka kitu kimoja, na tulipigana mpaka akaishiwa. Kama ningegeuza shingo tu, ningemwona amekaa karibu na trekta lake, macho yake hayaondoki kwa fundi. Kama angekuwa mkwe wa mtu mwingine yeyote mle yadini, ningemwona.

Nilimpigia mume wangu. Nililia, nikamwambia nakwenda kumwambia mama sasa hivi. Alinisihi. "Nimeshaomba ruhusa. Ijumaa nakuja. Siku sita tu. Mama akijua, na kijiji kitajua, na mimi nataka niwe pale nione uso wake." Nilimkasirikia, na mpaka leo namkasirikia, lakini nilikubali. Mvua zilikuwa zimeanza, Mto Mbaka umejaa, na trekta lisingeweza kuvutwa kwenye matope yale kabla yeye hajafika na lori la kukodi. Hayo ndiyo niliyojipa kama sababu.

Jumanne nilishindwa. Baada ya vipindi nilichukua mwavuli nikaenda kwa wakwe, nimeamua kumwambia mama mkwe, liwalo na liwe. Mama mkwe hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kyela mjini kuuza kakao. Mzee alikuwa peke yake kibarazani, niliona kofia yake juu ya kiambaza cha mianzi. Nilisimama kwenye kona ya nyumba. Hakuna wa kunipelekea ujumbe, na kupaza sauti hakusaidii kitu, maana huyu ni mtu wa kusemeshwa mbele ya macho yake. Ilibidi nipande kibarazani, nisimame mbele yake, anitazame mdomo, niseme: baba, trekta ni lako.

Nilipiga hatua. Nadhani aliona ncha ya kitenge changu. Alikohoa, kisha nikasikia kiti kikiburuzwa. Yule mzee mgonjwa alijigeuza taratibu, akaelekea ukutani, akanipa mgongo ili nipite kwa amani. Akasema kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia, "Pita, mama. Nimegeuka. Ndaga."

Ndaga, akaniambia, yaani asante. Alikuwa ananishukuru kwa heshima ya miaka kumi na moja.

Nilipita. Nilivuka ua wake nyuma ya mgongo wake, nikatokea upande wa pili, nikaenda zangu kwenye mvua, maneno yote yakiwa bado mdomoni. Nilijiambia kesho nitamkuta mama mkwe. Kesho yake kulikuwa na wakaguzi shuleni, nikachelewa kutoka. Alhamisi asubuhi mama mkwe alipeleka uji kibarazani, akamkuta mzee amekwisha kwenda, bado ameegemea ukuta.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba ulikuwa umechoka muda mrefu. Sisemi nilimuua. Shoga yangu naye ananikataza kusema hivyo, na akiniona nimenyamaza sana ananifanyia vituko mpaka nicheke. Ninachosema ni kwamba alikufa akiamini trekta lake limekatwa, na mtu pekee aliyekuwa karibu naye, ukweli mkononi, alikuwa mimi, na nilipita.

Msibani mume wangu alifika Ijumaa ileile aliyopanga. Alipojua kwamba mzee amekufa bila kuambiwa, alikaa chini kwenye matope nje ya uzio, na suruali yake ya safari. Siku ya kuaga, wanawake walipoanza kupita penye jeneza, nilijivuta nyuma na kitenge changu. Mama mkwe akanishika mkono. "Njoo umwone, mwanangu. Leo hakatazi mtu."

Nikamwona. Alikuwa na nyusi nyeupe, nene. Alikuwa na kovu dogo kidevuni ambalo hakuna aliyewahi kunisimulia. Masikio yalikuwa yaleyale ya mume wangu, yaleyale ya mwanangu wa pili ninayoyasafisha kila Jumapili. Nilitaka kumwambia. Nilifungua kabisa mdomo, nikausogeza polepole kama wenzangu walivyokuwa wanafanya akiwa hai. Foleni ikasukuma, nikasogezwa mbele.

Trekta lililetwa mvua zilipopungua. Yule fundi mrefu mwenye spana ndiye aliyelisimamia njia nzima, na kila nilipotaka kumwomba radhi alikataa kusikia, akasema hata yeye alidhani mwanamke yule katumwa na watu wa chuma. Walifunga betri, wakaweka mafuta. Fundi alichomeka hendeli akijiandaa kutumia nguvu, lakini injini ilizunguka laini, kwa mkono mmoja. Iliwaka mara ya pili. Moshi ukapita juu ya migomba na majirani wakatoka majumbani. Mama mkwe aliweka kanga mdomoni akaingia ndani.

Fundi huliendesha misimu ya kulima, na wakati mwingine linakaa uani, hatua chache kutoka kaburini. Betri ipo, hakuna haja ya mtu kulizungusha. Mimi nalizungusha. Kila Jumamosi naenda kwa wakwe, naweka kitenge mabegani, nachomeka hendeli na kuhesabu mara kumi. Mama mkwe aliwahi kuniuliza kwa nini nazunguka upande ule wenye miiba, wakati upande wa pili ni pazuri pa kusimama. Upande ule wa pili ningekuwa nimeligeuzia kaburi mgongo. Mgongo wangu ameshauona vya kutosha.