Kipande Kilichokufa

Shemeji yangu ni muuza nyama, na tangu amwoe dada yangu sijamwita kwa jina lake hata siku moja. Mtaa mzima unamwita Nusukilo, kwa sababu ukimwomba nusu kilo anakata mara moja tu, anaitupia kwenye mizani, na mshale unasimama pale pale. Ukitilia shaka anakutukana. Ukinyamaza pia anakutukana kidogo, ili usijione umesahauliwa. Mimi ni msusi, na saluni yangu iko milango michache kutoka bucha yake, kwa hiyo matusi hayo nimeyasikia kwa miaka, wateja wangu wakicheka hadi nashindwa kuwashika vichwa.

Ukimtazama ungesema mtu huyu ni chuma. Alikuwa anabeba paja zima la ng'ombe begani huku anabishana na mtu kuhusu mpira. Lakini mimi nilikuwa namwona kutwa, wala sikudanganyika. Sigara ya kwanza aliiwasha akifungua mlango, ya mwisho akiufunga, na katikati sijui ngapi. Mchana alikaanga mafuta aliyoyapunguza kwenye nyama, akayamwagia chumvi bila huruma, akala amesimama. Ndiyo, alisimama kutwa, ila kutembea hakutembea. Hata kwenda dukani alimtuma mtu.

Halafu ikafunguliwa bucha nyingine ng'ambo ya barabara, ina kabati la kioo na taa nyekundu za kuifanya nyama ionekane imechinjwa sasa hivi. Nusukilo akimwona mteja wake wa zamani anaingia kule, mishipa ya shingo ilimsimama, na hasemi neno. Dada aliniambia hata usingizi umemkimbia, analala anagombana na watu ambao hawapo chumbani. Matusi ya mzaha yakakauka. Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na wasiwasi, maana Nusukilo nimemzoea akipiga kelele.

Asubuhi ya mkasa nilipita kumsalimu nikamkuta ameegemea gogo la kukatia nyama, jasho linamtiririka, na hali ya hewa yenyewe ilikuwa ya baridi.

"Shem, vipi?"

"Gesi tu. Na taya hili, sijui jino gani limeamka."

"Na mkono? Mbona unausugua?"

"Nimebeba vibaya. Hebu nenda kasuke watu."

Akanywa soda ili acheue, akajikaza kisabuni, akaendelea kuuza. Mkono wa kushoto ukawa haupandi, akawa anakatia mmoja. Yule jirani wa ng'ambo, mwenye bucha mpya, alikuwa amesimama mlangoni kwake anatazama, na shemeji yangu alikuwa radhi afe kuliko kukaa chini mbele ya mtu yule. Nusura afe kweli. Mchana alianguka nyuma ya mizani, na mimi ndiye niliyemfikia kwanza, mikono imejaa mafuta ya nywele, namshika anateleza. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Niliita watu kwa sauti ambayo sikuitambua kama ni yangu.

Hospitali walipitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi kwenye moyo, wakauzibua mshipa ulioziba, na wakaacha mle ndani kijibomba kidogo cha kuushikilia usijifunge tena. Siku ya kuruhusiwa, daktari, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, alituketisha sote watatu.

"Mzee, una bahati. Ila ulichelewa sana kuja. Sehemu ya msuli wa moyo ilikosa damu kwa muda mrefu, na kipande kimekufa. Sehemu kubwa iliyobaki ni nzima."

Akaendelea na masharti. Sigara basi. Chumvi na mafuta vipungue. Hasira za kufungia ndani azitoe kwa kuzungumza. Vidonge kila siku, hasa kile cha kuzuia damu isigande kwenye kijibomba, asikiruke hata siku moja. Na atembee, kidogo kidogo, kila siku. Dada aliitikia kila neno. Mimi nilimtazama shemeji nikaona hamsikii daktari. Alikuwa ameinamisha kichwa, anajitazama kifuani.

Nyumbani mambo yakageuka. Sigara aliacha siku hiyo hiyo bila kubembelezwa, tukashukuru. Lakini aliacha na kila kitu kingine. Aliweka kiti chake karibu na dirisha, akafungua vifungo vya shati, akakaa. Hakunyanyua hata jagi la maji. Alioga maji baridi, tena asubuhi na mapema, hadi meno yanagongana. Dada akitandika blanketi, analitupa. Nikisema, "Shem, twende hata mpaka getini," ananitazama kama nimemwambia tukaruke ghorofani. Redio ikazimwa. Mlango ukibamizwa, sote tunageuka kumtazama kama bado yupo. Tukawa tunanyata kama wezi ndani ya nyumba ya watu wetu wenyewe.

Kisha akaanza mambo ya harufu.

"Shemeji, hebu sogea. Ninuse mdomo."

"Toba! Unanichumbia mbele ya dada?"

Hakucheka. Nikanusa. "Nasikia dawa ya meno," nikasema, na ni kweli. Alinitazama kama mtu anayejua kwamba anafichwa jambo. Dada naye aliulizwa kila asubuhi na kila jioni. Alinusa viganja vyake, akanusa kola ya shati alilovua. Dada alidhani ni dawa zinamchanganya. Mimi nilidhani ni akili. Hakuna kati yetu aliyemuuliza harufu anayoitafuta ni ya nini.

Siku moja nikamkuta anafunga visu vyake vya kazi kwenye vitambaa, kimoja kimoja. Alikuwa anamweleza binti yake, yule wa sekondari, kisu gani auziwe nani na gani kibaki kwa mama yake. Mtoto anaitikia, "Sawa, baba," macho yamemtoka. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu. Nilijua kuaga kulivyo, na mtu yule alikuwa anaaga.

Muda si mrefu baadaye sinki la bafuni kwao likaziba. Mimi siiti fundi kwa ajili ya sinki. Nywele za wateja zimenifundisha. Nikaweka ndoo chini, nikafungua bomba, likamwaga uji mweupe. Nikautazama. Vidonge. Vingine vimeyeyuka nusu, vingine bado vina rangi, vimegandamana kwenye kona ya bomba. Niliokota nilivyoweza nikaviweka kwenye karatasi ya chooni, nikaenda dirishani kwa shemeji, nikavifunua mbele yake.

Alivitazama.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga.

"Wewe umeniona nikifanya kazi hii. Kipande cha nyama kikifa, ukakiacha kimeshikana na kizima, kinafanya nini?"

"Mimi nijue wapi? Mimi nasuka."

"Kinakiharibu. Kinaanza pembeni, halafu chote. Na ikishaanza, hata uimwagie gunia zima la chumvi huirudishi. Daktari alisema mbele yenu, au hamkusikia? Kipande kimekufa. Wamekiacha humu humu wakanirudisha nyumbani." Alijigusa kifuani kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anaogopa kukiamsha. "Mnanihimiza nitembee. Nikitembea mwili unapata joto. Nyama kwenye joto haimalizi siku."

Ndipo nikaelewa dirisha, na shati wazi, na yale maji ya baridi. Wiki zote hizo alikuwa anajihifadhi kama bidhaa.

"Na vidonge?"

"Nilikunywa. Nilikunywa vizuri tu, mpaka siku niliyomwambia mtoto aninuse." Akainusa kola ya shati. "Nyinyi mngenidanganya. Yeye hawezi. Akaniambia, ndiyo baba, unanuka kidogo. Nikajua basi, imeshafika juu. Vidonge vya nini tena?"

Alikuwa hali, alikuwa hanywi maji, mdomo umemkauka siku nzima. Hata mimi ningenuka. Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia. Nilichofanya ni kufoka.

"Mtu mzima na ndevu zako, umekaa hapa unangoja kuoza ukiwa hai, na hukumwambia mtu!"

"Usipige kelele. Asisikie." Akanishika mkono. "Usimwambie mtoto. Nikifa, asije akajua kwamba yeye ndiye aliyeniambia."

Hapo hasira yangu yote ikaisha, ikabaki hofu tupu, maana nilikumbuka vizuri alichosema daktari kuhusu kidonge kimoja kurukwa. Huyu hakuruka kimoja. Nikaita teksi palepale. Njiani alikaa nyuma amejishika kifua, na kila tukipita shimo alifumba macho. Na mimi nilifumba.

Daktari alipoona ile karatasi ya chooni, alisimama.

"Tangu lini?"

Shemeji akamwambia.

"Mzee, kijibomba kile kingeweza kuziba saa yoyote. Hata sasa hivi tunavyozungumza."

Sijui kwa nini madaktari husema mambo kama hayo kwa sauti ndogo. Wakampa dawa palepale na maji, wakamlaza, wakampaka jeli, wakapitisha kifaa kifuani na moyo ukatokea kwenye skrini, kitu cha kijivu kinachojikunja na kujikunjua. Daktari akapeleka kidole sehemu moja ambayo haikuchezacheza kama nyingine.

"Hiki hapa."

Nusukilo akageuzia uso ukutani. Ikabidi mimi niseme. Nikamweleza daktari kila kitu, nyama, joto, harufu, na nilivyokuwa naeleza niliona aibu kwa niaba yake, nikihofia atachekwa. Daktari hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu na kichwa chake.

"Mzee, umewahi kumpasua ng'ombe aliyeumia zamani akapona? Aliyepigwa pembe, aliyevunjika mbavu?"

Akaujibu ukuta.

"Wengi."

"Ndani, pale alipoumia, ulikuta nini?"

"Panakuwa peupe. Pagumu. Kisu kinakwama."

"Pameoza?"

"Hapana."

"Ilhali nyama ya pale ilikufa. Kwa nini haikuoza?"

Aligeuza uso kutoka ukutani, akatazama skrini kwa mara ya kwanza.

"Kwa sababu ng'ombe alikuwa hai," akasema. Akarudia tena, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Hilo ni kovu, mzee. Halisambai." Lakini uso wa daktari haukulainika. "Sasa nisikilize na upande wa pili. Moyo wako umepungua nguvu kuliko siku ulipotoka hapa. Kukaa tu kumeudhoofisha, na kukosa dawa kumekuweka ukingoni. Kuoza hakupo. Hatari ipo. Ukisikia maumivu kifuani, mkononi au kwenye taya, unakaa chini, unasema kwa sauti, unaletwa hapa. Usinyamaze tena mbele ya mtu yeyote."

Basi akaanza kutembea, na sijawahi kuona mtu akitembea kwa woga namna ile. Tulipima kwa nguzo za umeme. Leo hadi nguzo hii, keshokutwa hadi ile. Dada ndiye sasa aliyeshinda bucha akiuza, kwa hiyo kazi ya kumsindikiza ilikuwa yangu, na ninakiri niliichukia. Kila akivuta pumzi nilisikiliza. Kila akikohoa nilitafuta gari kwa macho. Vidonge alikunywa mbele ya dada na kufungua mdomo tuone, kama mtoto, bila kubisha, na hilo lilinitisha pia. Nilikuwa natamani anitukane.

Jioni moja tulifika kwenye ule mwinuko unaoelekea bucha, mahali ambapo zamani alipita na paja begani. Katikati akasimama. Mkono ukaenda kifuani. Akakaa kwenye ukingo wa mtaro, wazi kabisa, watu wanapita, na ng'ambo ya barabara yule jirani ameshika kisu mlangoni kwake anatutazama.

Nilipiga magoti.

"Taya?"

"Hapana."

"Mkono?"

"Hapana. Moyo unadunda. Unadunda sana." Akasema kwa sauti yake ya zamani, ile ya bucha, kila mtu akasikia. "Naogopa, shemeji."

Nilimshika kifundo cha mkono nikakaa naye. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kweli, kisha kidogo kidogo ukaanza kupunguza, na sisi wawili tukawa tunausikiliza bila kutazamana. Daktari alishatuambia kwamba moyo unaopanda mlima lazima udunde. Kuambiwa ni rahisi.

"Nikianguka hapa," akasema, "utamwambia mtoto nini?"

Nilitafuta mzaha. Miaka yote hiyo ya utani na shemeji yangu, sikupata hata mmoja.

"Nitamwambia ulianguka ukitembea."

Alifikiri. Akafuta jasho kwa kola ya shati, akaitazama ile nguzo ya juu, kisha akanitazama mimi.

"Hilo ataweza kulibeba," akasema.

Akashika bega langu, akanyanyuka, akatangulia.