Msumari Mmoja na Mizigo Minne ya Mbarara

Nilitoka Rubondo, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, kwenda Mbarara kwa sababu mpwa wangu Byamungu, anayeishi Kanada, amekuwa mwekezaji wa nyumba. Elimu hiyo aliipata kwa wiki tatu kwenye simu, kwa video za bwana mmoja mwenye suti ambaye, kwa kadiri nilivyoonyeshwa, hajawahi kushika mwiko. Mimi nilijenga makanisa na nyumba za watu Kivu ya Kusini kwa miaka thelathini. Namshukuru Mungu aliyeniacha hai nione kazi ile ikifundishwa bila vumbi.

Dalali alikuwa amempatia mizigo minne. Niliposikia hivyo niliuliza ni mizigo ya nini, na kama tutahitaji lori. Byamungu alicheka mpaka simu ikakatika. Kumbe huku Uganda mzigo ni chumba kimoja cha kupangisha, kilichounganishwa na vingine kwa mstari. Mitatu ingeleta kodi. Wa nne, ule wa mwisho, angehamia mama yake, ambaye ni dada yangu mdogo, ili awe karibu na hospitali. Mama Byamungu anakohoa tangu mvua za mwaka juzi. Karatasi za kiwanja zilikuwa kwa mwanasheria; kuta ziliachiwa mimi. Maagizo yangu yalikuwa mafupi.

"Mujomba, uende tu uone, useme iko muzuri, nitie sahihi leo mangaribi."

Nilifurahi kuona jibu limeshaandaliwa. Mtihani wa namna hiyo haumchoshi mzee.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa dada yangu, hatua kumi kutoka kwangu. Nilibeba Biblia, chupa ya maji na msumari wa inchi nne. Alitoka amejifunga kitenge kifuani, akakohoa, akangoja pumzi irudi, kisha akaniomba niangalie kama huko kuna fasi ya kuanika mihogo. Tukaomba pamoja, nikapanda pikipiki.

Kabazana, saa moja na nusu. Wakimbizi wapya walikuwa wamejipanga na mabegi yao, wakingoja kuandikwa. Mimi nami nilisimama pale zamani, na dada yangu nyuma yangu, tukingoja kiwanja. Tulipokipata nilijenga nyumba mbili kwa mwezi mmoja, yake na yangu, matofali ya udongo juu ya ardhi hivi hivi, maana mvua ilikuwa inakaribia. Majirani walikuja kushangaa. Nilikubali sifa zao kwa unyenyekevu mkubwa, nikihakikisha hakuna aliyekosa kuuona unyenyekevu huo.

Tulipofika Masha, dereva wa teksi niliyoipanda Kabazana alisimama kununua ndizi za kupika. Upande wa pili wa barabara mfugaji mmoja alikuwa akizibua mtaro kuzunguka zizi la ng'ombe wake, zizi lililoinuliwa kwa mawe na changarawe. Nilimpungia mkono. Nikajiambia, angalia mtu huyu, ng'ombe wake wanalala pakavu. Kisha gari likaondoka nami nikaendelea na zaburi yangu.

Mbarara, saa nne. Dalali aliitwa Nuwagaba, kijana nadhifu mwenye viatu virefu mbele. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniita bwana kwa lugha ya kwao.

"Karibu sana, sebo. Hii nyumba hata mimi ningenunua, lakini naachia nyinyi."

Nilimshukuru kwa kujinyima. Nyumba yenyewe ilikuwa ya rangi ya maziwa, na ilinuka rangi mpya tangu barabarani. Nuwagaba alisema ni usafi tu. Nikamwambia ni kweli, hata marehemu huoshwa kabla ya wageni kufika. Hakucheka.

Katika chumba cha kwanza nilimwomba afunge mlango na dirisha tukae gizani. Alidhani nataka kusali. Nilitazama juu: palipo na tundu kwenye bati, mchana hujionyesha wenyewe. Nilihesabu nyota saba, na jua lilikuwa limeshapanda. Matundu saba si dhambi kubwa. Fundi mwenye lami huyaziba kwa asubuhi moja.

Katika chumba cha tatu kulikuwa na kalenda mpya, imetundikwa chini sana, usawa wa magoti yangu. Niliipongeza nyumba kwa kuwajali wapangaji wafupi, kisha nikaifunua. Nyuma yake palikuwa na ufa. Nataka msomaji anielewe hapa. Nyufa nyembamba kama nywele, zilizosambaa juu ya plasta, ni ngozi tu; zisikukoseshe usingizi. Ufa unaopanda kwa mshazari, unaomeza sarafu, na ukitoka nje unaukuta upande wa pili, huo ni mfupa. Huu ulimeza sarafu yangu ya shilingi mia. Sijarudishiwa.

Chumba cha nne ndicho nilichokijia. Nilisimama mahali ambapo kitanda cha dada yangu kingekaa, nikachukua msumari, nikausukuma kwa dole gumba ukutani, juu kidogo ya sakafu. Plasta iliyo nzima huukataa. Hii iliupokea mpaka kichwani, kama ugali. Nikamwaga maji ya chupa kizingitini, nikangoja yatoke nje. Yalifikiri kidogo, kisha yakaingia ndani.

"Sebo, hiyo ni maji kidogo tu," alisema Nuwagaba.

Mpangaji wa chumba cha pili, Hajati Sauda, anayeuza nguo za watoto sokoni, alikuwa amekaa mlangoni pake akikunja mashati. Nilimsalimia kwa salamu za dini yake, akanijibu na kuniongezea baraka. Niliuliza mvua hapa ikoje. Kabla ya kununua nyumba yoyote muulizeni anayelala ndani yake. Ni fundi asiyedai malipo.

"Mzee, mvua ilikuja Jumapili, tukapandisha viatu kitandani," alisema. "Rangi ilikuja Jumatatu."

Nuwagaba akapata simu ya haraka sana, akaenda kuizungumza mbali, ingawa sikusikia ikilia.

Saa saba nilimpigia Byamungu. Nilimwambia asitie sahihi leo. Sikumwambia aikimbie nyumba. Nilimwambia bei ishuke kwanza, na akinunua aanze kwa kuchimba mtaro nyuma, maana maji ya mlima wote ulio nyuma yake yanalala kwenye ukuta wa chumba cha nne. Aweke mfereji wa bati kupokea mvua ya paa. Abandue plasta kutoka sakafuni mpaka kiunoni na aache ukuta ukauke wiki nyingi. Msingi chini ya ufa uangaliwe kabla ufa haujazibwa. Fundi alipwe kila hatua ikiisha na kuonekana. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Na mvua moja kubwa inyeshe mbele ya macho ya mtu tunayemwamini, kabla mama hajahamia.

Yule bwana wa suti alikuwa amemfundisha kuanza na rangi.

"Mujomba, useme kweli. Hautaki mama atoke karibu yako."

Niliegemea ukuta mbichi, shati likaloa.

"Ni kweli sitaki," nilimwambia. "Lakini musumari haina dada."

Alikubali kungoja, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Rubondo, jioni. Manyunyu yalikuwa yameanza, dada yangu akanivuta ndani, akanipa chai, nikakaa kwenye kitanda chake. Nilimsimulia yote: nyota saba, kalenda ya wafupi, simu isiyolia. Alicheka mpaka akakohoa, akafuta macho. Huniita Yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, unionyeshe vile ulifanya na ule musumari."

Mzee akiombwa kujionyesha hakatai. Nilitoa msumari mfukoni, nikageukia ukuta uliokuwa karibu, kando ya mto wake wa kulalia, ukuta nilioujenga mimi na kuupiga plasta mimi, nikausukuma kwa dole gumba.

Uliingia wote.

Nje maji ya paa yalikuwa yanapiga mguu wa ukuta, kama yalivyoupiga msimu baada ya msimu, hatua kumi kutoka mlango wangu. Nimekuwa nikiomba kwa ajili ya kifua kile kila asubuhi, nikiwa nimesimama karibu na mtaro ambao haupo.

"Na huu mzigo, Yaya," aliuliza dada yangu polepole, "dalali wake ni nani?"

Nilitazama simu yangu, haikulia kuniokoa.

Usiku ule alilala kwangu, kitanda kikiwa mbali na ukuta. Asubuhi nilichukua jembe, nikakumbuka zizi la Masha, nikaanza mtaro nje, nyuma ya kitanda cha dada yangu. Namshukuru Mungu aliyenipeleka mpaka Mbarara kuangalia ukuta wa jirani. Angeweza kunipiga kofi tu, ingekuwa rahisi zaidi. Byamungu alipopiga nilimweleza bila kuficha. Nilingoja acheke, nami ningestahili kicheko hicho.

"Sasa tupake nini hapo, mujomba?"

"Hakuna kupaka," nilisema. "Tunachimba."