Kaka Alipopaka Geti Kijani

Kaka yangu ni fundi rangi. Mafundi wenzake walimbatiza jina la Brashi, kwa sababu alikataa katakata kutumia rola. Rola, anasema, ni ya watu wenye haraka na wasio na aibu. Ni mtu mpole, mcheshi, na kichwa chake kigumu kupindukia. Akishaamua jambo unaweza kumsema hadi koo likauke; atakusikiliza vizuri, atakumiminia chai, kisha atafanya lilelile alilokusudia. Mimi ni dada yake mkubwa, kwa hiyo najua ninachokisema.

Kwa miaka mingi alipanga vyumba viwili karibu na soko, yeye na mkewe, watoto wao wanne, na baba yetu. Wifi yangu ni dobi kwenye hoteli, anafua na kupiga pasi mashuka ya watu asiowajua. Baba alilala sebuleni, kwenye godoro lililokunjwa kila asubuhi ili watu wapate pa kukanyaga.

Baba alikuwa mpishi wa shule ya msingi tangu ujana wake. Mama alipofariki, akili yake ilianza kuteleza. Sisi hakutusahau. Alichosahau ni kwamba amestaafu. Kulipopambazuka tu alivaa shati lake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akatoka kwenda kuwasha moto. Ukimzuia anakushangaa. "Sasa watoto watakula nini?"

Pale mtaani hilo halikumsumbua mtu. Kinyozi wa kwenye kona akimwona anapita alitoka na kitana mkononi. "Mpishi, leo shule imefungwa. Hukuambiwa?" Baba alisimama akafikiri, halafu akacheka. "Afadhali, maana hata kuni zenyewe zimeloa." Alikaa kwa muuza magazeti, akapewa chai, na yeyote aliyekuwa akielekea upande wa nyumbani alimshika mkono wakarudi naye. Hakuna aliyewahi kukaa kikao kupanga hayo. Walimjua, basi.

Lakini vyumba viwili ni vyumba viwili. Binti mkubwa wa kaka alikuwa amekua, bado anabadilisha nguo nyuma ya pazia huku wadogo zake wakichungulia. Baba alikanyagwa usiku na kila aliyekwenda msalani. Na kaka, ambaye vidole vimempinda kwa kupaka nyumba za wengine, alitaka kufa na yake. Mjini bei zilikuwa za kuambiwa tu, si za kununua. Akatafuta mbali zaidi, kisha mbali zaidi ya hapo, hadi akapata huko ambako basi linageuza na abiria wanaendelea kwa miguu. Nyumba mpya, safu kwa safu, zimejengwa na mkandarasi mmoja kwa ramani moja. Benki iliwapa mkopo ambao mishahara yao miwili ingeulipa mpaka mtoto wao wa mwisho aote ndevu.

"Baba atapata chumba chake, dada," aliniambia. "Chenye dirisha."

"Na nani atamjua huko?"

"Watamjua. Kwani hapa tulizaliwa tukijulikana?"

Nilinuna wiki nzima, kisha nikaenda kuwasaidia kufunga vyombo. Ningefanya nini?

Siku za mwanzo tu Baba alipotea. Alitoka alfajiri, na wifi akamkuta mchana amekaa juu ya rundo la mchanga, miguu imevimba, amechoka hata kusema. Alikuwa amepita mbele ya nyumba yake mara kadhaa bila kuijua. "Zote zinafanana kama sahani za shule," alisema. Wifi alimbeba mgongoni sehemu ya njia, mwanamke yule mwembamba, na jioni akaja kunililia kwenye simu.

Ndipo kaka akapata wazo. Kule mjini walikokuwa wamepanga, geti la uani lilikuwa la kijani, kijani fulani kilichopauka ambacho hukikuti dukani. Mageti yote ya huku yalikuwa ya kijivu. Kaka alirudi mjini, akabandua kipande cha rangi kwenye lile geti la zamani, akakaa nacho barazani akichanganya na kujaribu, akichanganya na kujaribu, hadi ukiweka kipande juu ya rangi mbichi hukioni. Alichanganya ndoo nzima. Mafundi rangi hawachanganyi kidogo, kwa sababu ukipungukiwa, mchanganyiko wa pili hautoki sawa na wa kwanza hata ufanyeje. Akapaka geti lake kwa brashi, taratibu.

Likafanya kazi. Baba alitoka, akazunguka, hakuiona shule, akarudi, akaona kijani, akaingia. "Nimefika," alisema kila mara, kwa furaha, kana kwamba ametoka safari. Nilimpigia kaka nikamwambia leo umenishinda. Si maneno ninayoyatoa ovyo.

Sasa ikabaki rangi kwenye ndoo. Kaka yangu hawezi kuangalia rangi ikikauka bure. Kwake hiyo ni kama kumwaga chakula. Na wifi kila siku alilalamika kwamba huku hawamjui mtu. Kwa hiyo jirani wa mkabala aliposifia geti, kaka alimpakia la kwake, bure, siku yake ya mapumziko. Halafu wa pembeni naye akataka. Halafu wa pembeni yake. Kila alipopaka alimleta Baba, akamkalisha kwenye kigoda pale kando. "Huyu ni mzee wangu. Mkimwona anatangatanga, mnirudishie tafadhali." Walicheka, wakamsalimia, wakampa maji. Kaka alikuwa anatafutia baba yake watu wa kumjua, na alikuwa anawapata. Ndoo ilipoisha, safu nzima ilikuwa ya kijani kilekile, bila tofauti hata ya kope, na yeye akasimama mwisho wa barabara akiitazama kazi yake kwa majivuno.

Nyumba ya mwisho katika safu ilihamiwa siku chache baadaye na mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Huyo hakuwahi kuonyeshwa Baba.

Asubuhi moja, kaka akiwa kazini, wifi akiwa hotelini, watoto shuleni, Baba alirudi kutoka kuitafuta shule yake. Akaona kijani. Geti lilikuwa wazi, akaingia. Akapita hadi jikoni, akachukua sufuria kubwa kuliko zote, akaanza kuosha mchele. Yule mama alitoka chumbani na mtoto begani, akamkuta mwanamume asiyemjua jikoni kwake. Alipiga yowe. Simlaumu, hata mimi ningepiga. Vijana waliokuwa wakijenga nyumba ya nyuma walikuja mbio, na watu wakija mbio namna ile hawaulizi. Jirani wa mkabala alipofika akisema huyu mzee namjua, Baba alikuwa chini, mkono umevunjika. Jirani anasema hakulalamikia mkono. Aliuliza tu nani atawapakulia watoto.

Yakawafika shingoni. Wifi akiacha kazi, mkopo haulipiki, na benki itachukua nyumba. Wakirudi mjini, vile vyumba viwili vina watu wengine, na bei imepanda. Wa kumwajiri akae naye, hawana cha kumpa. Nilitaka kumchukua mimi, lakini nafanya usafi hospitalini kwa zamu, na chumba changu ni kimoja, ghorofa ya juu, ngazi hazina hata pa kushika. Tulizungumza mpaka maneno yakaisha. Mwishowe kaka alinipigia. "Dada, nisikilize kwanza kabla hujanitukana," akasema. Alikuwa amenunua kufuli. Wangemwachia Baba chakula na maji, wangefunga geti kwa nje, na ufunguo mmoja ungebaki kwa jirani wa mkabala.

Sikumtukana.

Siku yangu ya mapumziko nilienda kuwaona. Kaka alikuwa ameomba ruhusa mchana kwa sababu roho haikumtulia, tukakutana kituoni, tukatembea pamoja hadi nyumbani. Alitoa funguo, akafungua kufuli, akasukuma geti.

Baba alikuwa amesimama nyuma yake palepale. Sijui amesimama kwa muda gani. Mkono mmoja umefungwa bandeji, mwingine umeshika kofia kifuani. Alinitazama mimi, macho yakapita, akamtazama kaka, akaziona funguo mkononi mwake. Akainama kidogo. Baba yetu, ambaye sijawahi kumwona akimwinamia mtu.

"Shikamoo, mwenye nyumba," akasema.

Kaka alizificha funguo nyuma ya mgongo.

"Usitutoe nje, bwana," Baba aliendelea, sauti ya chini, ya mtu anayejitahidi asiudhi. "Mwanangu ni fundi, yuko kazini, hana ubaya na mtu. Ana watoto wadogo. Akirudi nitamwambia aje kukuona."

Nilitaka kusema, "Baba, huyu ndiye mwanao," lakini kaka alinizuia kwa mkono. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba mzee wa watu asingetulia mpaka aitikiwe.

"Marahaba, mzee," kaka akasema. "Hakuna wa kuwatoa. Kaeni tu."

Baba akashukuru, akashukuru tena, akaingia ndani akitembea kwa ncha za vidole.

Kesho yake alfajiri kaka alifunga kufuli, akaenda kazini.